Basi la Vitanda katika Barabara za China

Basi la vitanda ni basi la masafa marefu ambalo ndani yake hakuna viti bali vitanda, na abiria husafiri usiku kucha akiwa amejilaza. Nchini China basi hilo, kwa lugha ya huko wopu keche, lilienea katika miaka ya 1990, na kwa takriban miaka ishirini likawa tegemeo la watu wasiopata nafasi katika treni.

Chanzo chake ni uhaba wa nafasi hizo. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1978 yalizaa viwanda vingi katika mikoa ya pwani, hasa Guangdong. Wafanyakazi walitoka bara, katika mikoa kama Sichuan, Hunan na Henan, na safari ya kurudi kwao ilikuwa ya usiku mzima au zaidi. Mwaka Mpya wa Kichina ulipokaribia, wote walitaka kwenda nyumbani kwa wakati mmoja, na tiketi ya treni ikawa adimu. Wakati huohuo barabara za mwendo kasi zilikuwa zikijengwa. Ya kwanza, kati ya Shanghai na Jiading, ilifunguliwa mwaka 1988. Kufikia mwaka 2000 mtandao wote ulikuwa umepita kilomita 16,000. Palipokosekana reli ya kutosha, lami ilichukua nafasi yake.

Kwa kawaida vitanda vilipangwa katika safu tatu, kila safu ikiwa na vya chini na vya juu, na kati ya safu palikuwa na vijia viwili vyembamba. Ili abiria wengi waenee, kichwa cha kitanda kiliinuliwa kidogo, na miguu ya aliye nyuma ikaingia chini ya mgongo wa aliye mbele. Mtu mrefu hakuweza kujinyoosha. Nyuma kabisa vitanda viliunganishwa, na watu wasiojuana wakalala bega kwa bega. Abiria alivua viatu mlangoni na kuvitia katika mfuko wa plastiki, kisha akapewa mto na blanketi. Madereva wawili walipokezana usukani. Miongoni mwa watengenezaji ilikuwepo kampuni ya Yutong, ambayo mabasi yake ya viti yanajulikana sana leo katika barabara za Tanzania.

Muundo huo uliotunza usingizi ndio ulioleta hatari. Vitanda vya juu vilipandisha kitovu cha uzito wa gari, hivyo likawa rahisi kupinduka kwenye kona. Vijia vyembamba na vyuma vya vitanda vilichelewesha watu kutoka, nao walikuwa wanaamka gizani. Baadhi ya wenye mabasi walizidisha abiria na kupakia mizigo isiyokaguliwa. Tarehe 22 Julai 2011, karibu saa kumi alfajiri, basi lililotoka Weihai kwenda Changsha liliwaka moto karibu na Xinyang, mkoani Henan. Lilikuwa na watu 47 ingawa liliruhusiwa kubeba 35, na nyuma lilibeba kemikali zinazoshika moto upesi. Watu 41 walikufa.

Serikali ilichukua hatua: kuanzia Machi 2012 ilisimamisha utengenezaji, uuzaji na usajili wa mabasi mapya ya vitanda. Yaliyokuwapo yaliendelea kufanya kazi, na Agosti mwaka huohuo moja liligonga kwa nyuma lori la tangi lililobeba methanoli karibu na Yan'an, mkoani Shaanxi. Ilikuwa yapata saa nane na nusu usiku. Kati ya watu 39 waliokuwamo, 36 walikufa. Baada ya hapo, mabasi ya masafa marefu yalitakiwa kusimama na kupumzika kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, muda ambao usingizi humwelemea dereva kuliko wakati mwingine wowote.

Wakati sheria ilipokuwa ikiyabana mabasi hayo, reli ilikuwa ikiyapokonya abiria. Desemba 2009 treni ya mwendo kasi ilipunguza safari ya Wuhan hadi Guangzhou kutoka zaidi ya saa kumi hadi takriban saa tatu. Njia ya Beijing hadi Shanghai ilifunguliwa Juni 2011, wiki chache kabla ya moto wa Xinyang. Safari iliyokula usiku mzima sasa ilimalizika mchana. Upande wa kusini, basi la vitanda kutoka Kunming lilikuwa limewavusha wasafiri mpaka Vientiane, mji mkuu wa Laos. Desemba 2021 reli iliiunganisha miji hiyo pia.

Katika nchi jirani ya Vietnam, mambo ni tofauti. Reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh, yenye kilomita 1,726, ni ya njia moja na nyembamba, na treni hutumia zaidi ya saa thelathini. Huko mabasi ya vitanda bado hujaa wenyeji na wageni kila jioni, na mengi kati ya yaliyo mapya yamegawanywa vyumba vidogo vyenye mapazia, abiria wakiwa wachache kuliko zamani.