Utumbo hauponi kwa uzi

Wadau, mgonjwa akishonwa utumbo kisha mshono ukaachia, lawama ya kwanza huenda kwa daktari: hajui kushona! Wakati mwingine ni kweli. Lakini historia inatutaka tuulize jambo jingine kwanza: je, damu ilikuwa inafika pale?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1826 Mfaransa Antoine Lembert alionyesha kuwa utumbo hushikana vizuri pande zake za nje zikikutanishwa. Mwaka 1887 Mmarekani William Halsted, baada ya majaribio kwa mbwa, akasema uzi lazima upite kwenye tabaka gumu lililo chini ya utando wa ndani. Wote wawili walikuwa wanatafuta mshono bora.

Swali la damu nalo lilikuwa linasubiri. Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, daktari J. J. Shepherd alichapisha mwaka 1968 mapitio ya wagonjwa 425 ambao utumbo wao mpana ulijisokota. Utumbo ukijisokota, mishipa yake ya damu hubanwa. Ukiwahiwa, rangi yake hurudi. Ukicheleweshwa hufa, na hapo hakuna namna ila kuukata.

Kumbe hata damu ikirudi, balaa haijaisha! Mwaka 1969 McCord na Fridovich walieleza kimeng'enya ambacho mwili hutumia kuzima aina kali ya oksijeni. Mwaka 1981 Granger, Rutili na McCord wakaonyesha kwa paka kuwa oksijeni hiyo kali huchangia kuujeruhi utumbo ulionyimwa damu. Ni kama mtu aliyekaa na njaa siku nyingi: ukimshindilia pilau ghafla, unaweza kumuua.

Lakini bila oksijeni jeraha nalo haliponi, kwa sababu mwili unaihitaji ili kutengeneza kolajeni imara, yaani nyuzi zake wenyewe za kuunga nyama. Siku chache za mwanzo kolajeni ya zamani huvunjwa kabla mpya haijakomaa. Siku hizo uzi ndio unaoshikilia kila kitu, na kama damu ni haba, mwili hauji kuupokea mzigo.

Sasa turudi Mwanza. Mwaka 2012 Phillipo Chalya na wenzake wa Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotoboka utumbo kwa taifodi kati ya Agosti 2006 na Septemba 2011. Asilimia 23.1 walifariki. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo ni kuchelewa kufika hospitali, na kufika presha ikiwa imeshuka vibaya. Presha ikishuka hivyo, mwili huulinda kwanza moyo na ubongo, na utumbo ndio unaonyimwa damu. Ndiyo maana mgonjwa huwekewa dripu kabla ya kisu.

Kwa hiyo mshono unaweza kuanza kuharibika kabla haujashonwa: kule kisiwani Ukerewe mtu anaposubiri kivuko cha kesho, au hapa mjini anapozunguka maduka ya dawa akitafuta vidonge. Homa ya siku nyingi ikifuatiwa na maumivu makali ya tumbo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Uzi utapatikana. Saa zilizopotea hazipatikani.