Gitaa Lililozeeshwa Kiwandani

Gitaa lililozeeshwa ni gitaa jipya la umeme ambalo limechakazwa makusudi kabla ya kumfikia mnunuzi. Rangi yake imebanduliwa, vanishi imepasuliwa, vyuma vimefifishwa na kingo zimegongwa hadi mbao ikachungulia. Magitaa haya yalianza kuuzwa rasmi na kampuni kubwa ya Marekani mwaka 1995, na tangu hapo yamekuwa tawi kamili la biashara ya ala za muziki, lenye viwango vyake vya uchakavu na mafundi wake mashuhuri. Kwa kawaida huuzwa ghali kuliko gitaa la aina hiyohiyo lisilo na mkwaruzo hata mmoja.

Asili ya jambo hili ni magitaa yaliyoundwa kati ya mwaka 1950 na 1965. Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, aliingiza sokoni magitaa yake ya kwanza ya mbao nzima mwaka 1950, na mojawapo akaliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba jina hilo lilifanana mno na la ngoma zake. Wafanyakazi wa Fender wakakata jina kwenye nembo, na kwa miezi kadhaa ya mwaka 1951 magitaa yakatoka kiwandani bila jina la aina, mpaka lilipopatikana jina la Telecaster. Hayo yasiyo na jina wapenzi waliyabatiza Nocaster. Mwaka 1954 ikafuata Stratocaster, iliyouzwa kwa dola 249.50. Huko Kalamazoo, Michigan, kampuni ya Gibson ilitoa Les Paul mwaka 1952, na kati ya mwaka 1958 na 1960 ikaipaka rangi ya machweo, nyekundu pembezoni na manjano katikati. Wanunuzi wa wakati huo hawakuichangamkia. Mwaka 1961 Gibson ikaachana na umbo hilo na kuleta jingine.

Mengi ya magitaa hayo yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, iliyokuwa imeenea kwenye magari na samani. Rangi kadhaa za Fender zilikuwa rangi za magari za kampuni ya DuPont, bila kubadilishwa hata jina. Vanishi hiyo ilikauka upesi na kung'aa vizuri, lakini haikutulia. Kadiri miaka ilivyopita iligeuka manjano, hivyo gitaa jeupe likawa la krimu na la buluu likaelekea kijani. Gitaa likitolewa kwenye baridi kali na kuingizwa ukumbini penye joto, mbao na vanishi hutanuka kwa viwango tofauti, na vanishi hupasuka nyufa nyembamba. Jasho la mkono huila taratibu. Ile nyekundu ya Gibson nayo ilipauka kwa mwanga, gitaa moja likaishia rangi ya asali na jingine rangi ya limau. Kwa hiyo magitaa yaliyotoka kiwandani yakiwa pacha yalitofautiana kabisa baada ya miaka 30, na hapo ndipo mvuto wake ulipozaliwa.

Januari 1965 Fender aliuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Kabla ya muongo huo kwisha, nitroselulosi ilianza kuipisha poliesta, ngao nene na ngumu ya plastiki isiyopauka wala kulika kirahisi. Gibson nayo iliingia mikononi mwa wenye mitaji wapya. Wapigaji wakaanza kulalamika kwamba magitaa yamekuwa mazito na viungo vya shingo vimelegea. Si kila gitaa la miaka ya 1970 lilikuwa baya, lakini sifa ikishaharibika haichagui. Wakati huohuo vijana wa Uingereza walikuwa wameigundua Les Paul iliyopuuzwa. Eric Clapton aliitumia katika albamu aliyorekodi na John Mayall, iliyotoka mwaka 1966, na sauti yake nzito iliyokwaruza ikawafanya wapigaji wengi waisake. Mwaka 1970 George Gruhn alifungua duka Nashville la kuuza ala za zamani, na biashara ya magitaa makuukuu ikapata mahali pake pa kudumu. Bei zikapanda. Leo Les Paul ya mwaka 1959 iliyo kamili huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kiasi ambacho wanamuziki wengi wanaoishi kwa kupiga gitaa hawakifikii.

Viwanda havikuweza kukaa pembeni vikitazama. Kampuni za Japani, Tokai ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeanza kunakili magitaa ya miaka ya 1950 kwa uangalifu uliozitia aibu kampuni zilizoyabuni. Mwaka 1982 Fender ikajibu kwa kutoa upya Stratocaster za mwaka 1957 na 1962. Mwaka 1985 wafanyakazi wake, wakiongozwa na William Schultz, waliinunua kampuni kutoka CBS, na mwaka 1987 ikaanzishwa karakana maalumu huko Corona, California, kwa ajili ya wateja waliotaka gitaa la kuagiza. Vipimo vikawa sahihi, mbao ikachaguliwa vizuri, pikapu zikasukwa kwa mtindo wa kale. Kasoro iliyobaki ilikuwa moja tu: magitaa hayo yaling'aa kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba Keith Richards wa Rolling Stones, alipoletewa nakala mpya za magitaa yake ya zamani kwa ajili ya ziara, alisema zirudishwe zikagongwegongwe kwanza.

Kuzeesha ala hakukuanzia kwenye gitaa. Katika karne ya 19 Jean-Baptiste Vuillaume wa Paris alitengeneza fidla kwa mfano wa zile za mafundi wa Italia Stradivari na Guarneri, akififisha vanishi mahali ambapo kidevu na mkono wa mpigaji vingeifuta. Baadaye ndugu wa ukoo wa Voller jijini London walikuwa stadi kiasi kwamba baadhi ya kazi zao ziliuzwa na wengine kama fidla halisi za Italia. Mafundi wa gitaa walirithi ujuzi huo pamoja na mashaka yake.

Mtu aliyeugeuza ujuzi huo kuwa bidhaa ya gitaa ni Vince Cunetto wa Missouri. Alikuwa akijifanyia majaribio ya kuzeesha sehemu za magitaa, na kazi yake ikamfikia J. W. Black, fundi wa karakana ya Corona. Kwa ajili ya maonyesho ya wafanyabiashara wa ala ya Januari 1995, Cunetto alizeesha magitaa mawili: Nocaster moja na Stratocaster moja ya krimu yenye vyuma vya dhahabu. Yaliwekwa ndani ya kabati la kioo. Wageni wengi walipita wakidhani Fender imeleta magitaa yake ya kumbukumbu, na walipoambiwa kwamba ni mapya yanayouzwa, wakaagiza. Kuanzia hapo miili na shingo vilisafirishwa kutoka California hadi Missouri, Cunetto na wasaidizi wake wakavipaka rangi na kuvizeesha, kisha vikarudishwa Corona kuunganishwa. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1999, Fender ilipoihamishia kazi hiyo ndani ya karakana yake na kuigawa katika ngazi: gitaa lililo kama limetoka kiwandani jana, gitaa lililokaa kabatini miaka mingi bila kuguswa, na gitaa lililochakaa kwa kazi. Ngazi nyingine ziliongezwa baadaye.

Kazi yenyewe ni ya kemia kiasi na ya utazamaji zaidi. Vyuma vya nikeli hufungiwa ndani ya chombo pamoja na mvuke wa tindikali mpaka mng'ao utoweke. Plastiki nyeupe hutiwa rangi kwa chai, kahawa au dawa maalumu. Vanishi hupozwa ghafla, kwa jokofu au kwa gesi baridi, ili ipasuke; wengine huchora nyufa hizo moja moja kwa wembe. Mikwaruzo midogo hupatikana kwa kuligonga gitaa kwa kitita cha funguo, bisibisi au kipande cha tofali, na madonda makubwa hufanywa kwa msasa na kisha kutiwa uchafu ili mbao isionekane mbichi.

Ugumu uko kwenye kujua mahali pa kuchakaza. Gitaa la kweli huchakaa kwa kufuata mwili wa mtu. Mkono wa kulia hula rangi kwenye ukingo wa juu, pale kiwiko kinapoegemea. Bizimu ya mkanda wa suruali huchimba mgongo. Kucha na kipande cha kukwaruzia nyuzi huacha njia chini ya nyuzi. Kidole gumba husugua nyuma ya shingo hadi vanishi iishe, na kwenye kichwa huonekana alama nyeusi ya sigara iliyochomekwa kwenye ncha ya waya mpigaji alipokuwa na shughuli. Fundi mvivu husahau yote haya na kutapanya majeraha popote, hata mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Magitaa ya namna hiyo ni mengi sokoni, na hakika hayapendezi: yanafanana na kitu kilichoanguka kwenye lori.

Hatua iliyofuata ilikuwa kunakili gitaa la mtu mahususi, kovu kwa kovu. Mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ireland alinunua Stratocaster ya mwaka 1961 mjini Cork mwaka 1963. Jasho lake liliibandua karibu rangi yote, na iliwahi kuibwa ikaja kukutwa imetupwa mtaroni. Fender ilianza kuuza nakala yake mwaka 1997. Gitaa lenyewe lilinunuliwa mnadani London mwaka 2024 na likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Clapton naye alikuwa na gitaa jeusi aliloliunganisha kutoka Stratocaster kadhaa alizozinunua Nashville mwaka 1970. Mwaka 2004 liliuzwa katika mnada wa Christie's kwa dola 959,500, na miaka 2 baadaye Fender ikatoa nakala 275, kila moja dola 24,000. Zilikwisha upesi.

Gibson ilifuata njia hiyohiyo kupitia kwa Tom Murphy, fundi aliyechora nyufa za vanishi kwa wembe kwa ustadi uliolifanya jina lake liwe kiwango cha ubora. Baada ya miaka mingi ya ushirikiano wa kuja na kuondoka, kampuni hiyo ilianzisha kitengo kinachoitwa Murphy Lab na kumkabidhi aongoze. Kwa wasio na fedha za namna hiyo, Fender ilileta magitaa yaliyochakazwa Mexico kwa bei ya chini, na mafundi binafsi wakafungua karakana zao katika nchi mbalimbali.

Wanaoyapenda hutoa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni mguso, na hii ina uzito. Shingo iliyoondolewa vanishi haigandi mkononi penye jasho, na kingo zilizolainishwa hazimuumizi mpigaji. Faida hizo hupatikana siku ya kwanza badala ya mwaka wa ishirini. Tena mwenye gitaa lililokwisha kukwaruzwa haogopi kulipeleka baa au kulikabidhi kwa mwanafunzi. Sababu ya pili ni sauti, na hapa madai yanazidi ushahidi. Husemwa kwamba vanishi nyembamba huiacha mbao ipumue. Lakini gitaa la umeme la mbao nzima hutoa sauti yake kupitia nyuzi za chuma zinazotikisika juu ya sumaku, na mchango wa pikapu, nyuzi na amplifaya ni mkubwa kuliko wa rangi. Hata kwenye fidla, ambayo hutegemea mbao zaidi, umri haujathibitika kuwa siri ya utamu. Katika jaribio lililofanyika Indianapolis mwaka 2010 na kuchapishwa mwaka 2012, wapigaji 21 waliovikwa miwani ya giza walipewa fidla mpya 3 na za kale 3 za Stradivari na Guarneri. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari.

Swali la uhalisi huleta ugomvi zaidi. Wapinzani husema kovu ambalo halikutokana na kazi ni uongo. Hoja hiyo ina ukweli nusu, kwa sababu uongo huhitaji mtu wa kudanganywa, na mnunuzi wa duka halali anajua analonunua. Fender hupiga alama yake ya karakana nyuma ya kichwa na kutoa cheti. Gibson imekuwa ikigonga mhuri wa R9 ndani ya tundu la vidhibiti kwenye nakala zake za mwaka 1959. Vinyago vya mti mweupe vilivyopakwa rangi ya viatu ili mtalii avidhanie mpingo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu pale muuzaji amekaa kimya makusudi. Gitaa lililozeeshwa huingia kundi hilo pale mtu anapofuta mhuri, akatoa namba, akatia swichi na plastiki za miaka ya 1950, kisha akaliuza kama la zamani. Wakaguzi hulitambua kwa taa ya urujuanimno, ambayo huifanya vanishi ya kale iwake tofauti na mpya, kwa namba za tarehe kwenye vifaa vya umeme na kwa jinsi risasi ya waya ilivyoyeyushwa. Mbao nayo husema: magitaa mengi ya wakati ule yalikuwa na ubao wa vidole wa rozwudi ya Brazili, mti wa jenasi moja na mpingo wa Kilwa na Lindi, na biashara ya kimataifa ya rozwudi hiyo ilibanwa vikali mwaka 1992 na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Nakala nyingi za leo hutumia rozwudi ya India.

Magitaa ya Cunetto ya mwaka 1995 hadi 1999 sasa yenyewe yamepita robo karne. Mengi yamepigwa majukwaani kwa miaka yote hiyo, nitroselulosi yake imeendelea kugeuka manjano, na mikwaruzo ya wenye magitaa imeongezeka juu ya ile aliyoitia fundi. Wakusanyaji huyatafuta, na wauzaji huyatangaza kwa jina la Cunetto, kwa kuwa jina hilo huongeza bei.