Mfudu: Mti wa mwituni wenye jina la Mombasa

Mfudu, au mfuu, ni mti wa mwituni unaozaa matunda madogo ya mviringo yaitwayo fudu au fuu. Jina lake la kisayansi ni Vitex mombassae, lililochapishwa mwaka 1882 na Wilhelm Vatke, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani. Neno la pili la jina hilo latokana na Mombasa.

Mti huu si mrefu. Aghalabu huwa kichaka au mti wa mita chache. Jani lake hugawika katika vijani, kwa kawaida 3 hadi 5, vilivyotawanyika mithili ya vidole vya mkono. Hapo ndipo unapotofautiana na mzambarau, mti ulioletwa kutoka Asia, ambao majani yake hayakugawika. Zamani mfudu ulihesabiwa katika jamii ya Verbenaceae. Siku hizi umo katika Lamiaceae, pamoja na mrehani na msaji.

Tunda changa ni la kijani, nalo hugeuka jeusi likiiva. Nyama yake ni tamu na huliwa mbichi, bila kupikwa. Ndani mna kokwa ngumu, ambayo huchelewesha mbegu kuota.

Mfudu huota katika misitu ya wazi na vichaka, kuanzia pwani ya Kenya na Tanzania hadi kusini mwa Afrika. Mombasa bara, hata hivyo, ardhi ya namna hiyo imezidi kupungua. Changamwe ilipokea kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963. Kilikoma kusafisha mwaka 2013, lakini mahali pake hapakurudi kuwa msitu. Likoni nako, eneo la Dongo Kundu limetengwa kwa uwekezaji wa viwanda. Huko Bamburi, Kisauni, machimbo ya mawe yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na uliotegemewa zaidi ni mvinje, usiokuwa na tunda la kuliwa.

Mfudu haupandwi mashambani kama mwembe au mnazi. Kuendelea kwake kwategemea vichaka visivyofyekwa. Kichaka kikiondoka, mti huondoka nacho. Na mtoto asiyepata kuonja fudu hatakuwa na sababu ya kulijua jina lake, ingawa wataalamu wa mimea duniani wataendelea kuuita mti huo kwa jina la mji wake.