Walinzi wa Mawazo katika Jangwa la Misri

Mmonaki aliyeingia jangwa la Misri katika karne ya 4 aliacha nyuma soko, viwanja vya michezo, mali na ndoa. Kumbukumbu zake alikwenda nazo. Antoni, aliyefariki mwaka 356 na ambaye maisha yake yaliandikwa na Askofu Atanasi wa Aleksandria, alitaabishwa na mambo yale yale aliyoyakimbia: mali aliyoigawa, dada aliyemwacha, ladha ya chakula. Hivyo elimu ya Kikristo ya kulinda akili ilikuzwa na watu ambao hawakuwa tena na kitu cha nje cha kulaumu, na hapo ndipo uzito wake ulipo.

Makao yao makuu yalikuwa Nitria, Sketis na Kellia. Kellia, yaani “vyumba”, ilianzishwa mwaka 338 hivi kwa ajili ya waliotaka upweke zaidi, na vibanda vilijengwa mbali mbali hata mtu asimsikie jirani yake. Juma zima mmonaki alikaa peke yake akisuka kamba na vikapu huku akikariri Zaburi; Jumamosi na Jumapili walikutana kanisani. Kusuka kuliwapa riziki, lakini pia kulikuwa ulinzi: mikono ikishika kazi na mdomo ukishika neno, akili hukosa nafasi ya kuzurura.

Aliyeyaweka mambo haya katika maandishi ni Evagrius wa Ponto. Basili wa Kaisaria alimfanya msomaji kanisani, na Gregori wa Nazianzo akampa ushemasi. Huko Konstantinopoli alisifika kwa hoja dhidi ya wazushi, kisha moyo wake ukanaswa na mke wa mtu mwenye cheo. Alikimbilia Yerusalemu, ambako Melania, mjane aliyeongoza nyumba ya watawa, alimhimiza ashike umonaki. Baada ya miaka miwili hivi Nitria alihamia Kellia, akaishi kwa kunakili vitabu hadi kifo chake mwaka 399.

Evagrius alihesabu mawazo manane yanayomvamia mtu: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutaka sifa na kiburi. Fundisho lake lenye faraja kubwa kuliko yote ni kwamba wazo kubisha hodi si dhambi, kwani mtu hana uwezo wa kulizuia lisije. Uwezo wake upo katika kulikaribisha liketi au kulikatalia.

Uchovu wa roho aliueleza kwa umakini wa kushangaza. Huja saa nne asubuhi na kumzingira mtu hadi saa nane. Hesabu hiyo ya saa ni ile ile ya Waswahili, tangu mapambazuko. Jua huonekana limesimama. Mmonaki huchungulia dirishani, hutoka kupima kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia, hukichukia chumba chake, kazi yake na ndugu zake, na huanza kuwaza mahali pengine ambako maisha yangekuwa mepesi. Dawa ilikuwa kubaki chumbani.

Kwa kila wazo aliandaa jibu. Kitabu chake cha majibu kina sehemu nane na karibu mistari 500 ya Biblia, kila mmoja ukielekezwa kwa wazo fulani, kama Yesu alivyomjibu Shetani nyikani kwa Maandiko. Tena hakuna aliyeachwa apigane gizani peke yake: desturi ya jangwa ilimtaka kijana amfunulie mzee wake, abba, mawazo yake yote, kwa kuwa wazo lililofichwa hupata nguvu.

Mwaka 400 Askofu Theofilo wa Aleksandria aliwafukuza wamonaki waliofuata mafundisho ya Origene, mwanateolojia wa zamani. Msukosuko huo ulieneza elimu ya jangwa ng'ambo ya bahari. Yohane Cassian, aliyekuwa ameishi Sketis, aliipeleka Marseille kwa Kilatini, na kanuni ya kitawa ya Benedikto ikawaagiza watawa wasome vitabu vyake. Mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregori I aliipanga upya orodha ya mawazo manane, na kwa njia hiyo Kanisa la Magharibi likapata vilema saba vikuu. Hapo kitu kilipotea: orodha iliyotungwa ili kuyatambua mawazo yanapoingia ikageuka zaidi kuwa orodha ya makosa ya kuungama.

Mashariki kulinda akili kwenyewe kulidumu, hasa Sinai na mlima Athos, kukiunganishwa na sala fupi ya jina la Yesu. Mafundisho ya ulinzi huo yalikusanywa katika Filokalia, iliyochapwa Venice mwaka 1782. Kwa kuwa Evagrius alikuwa amehukumiwa na Kanisa katika karne ya 6, kitabu chake juu ya sala kilihifadhiwa kwa jina la mtu mwingine, Nilo, na ndivyo kilivyoingia katika mkusanyo huo. Wataalamu walimrudishia katika karne ya 20.