Sultani Aliyeiacha Ngome Akashika Bahari

Kiwayu ni kisiwa chembamba kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pate, mikoko upande wa bara, bahari kuu upande wa pili. Majahazi yaliyoteremka na kaskazi kutoka Arabuni yalipita pwani hii yakielekea Pate, Lamu na Mombasa. Aliyeishika njia hiyo aliutoza ushuru mwambao mzima, na Wareno walilijua hilo tangu Vasco da Gama afike mwaka 1498.

Wa kwanza kuwatikisa alikuwa mgeni: Mir Ali Bey, nahodha wa Dola ya Uthmaniya, aliyepokewa vizuri Lamu na Pate mwaka 1586. Kisasi cha Wareno hakikuchelewa. Mwaka 1587 mji wa Faza, kisiwani Pate, uliteketezwa, hata minazi yake ikakatwa. Mwaka 1589 Mir Ali Bey alikamatwa Mombasa, na mfalme wa Lamu akakatwa kichwa.

Aliyefuata alikuwa mwenyeji, Yusuf, aliyefunzwa na Wareno wenyewe. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa, aliuawa kwa njama yao mwaka 1614. Yusuf, angali mtoto, akapelekwa Goa, India, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akatumika katika merikebu zao na kujifunza mizinga. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa awe sultani wao.

Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno pale Mombasa, na watu wake. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa akauawa, Yusuf akarudi katika Uislamu. Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Doa hilo halifutiki kwa sifa. Mapema mwaka 1632 kikosi kutoka Goa kiliizingira ngome, kikashindwa.

Hapo ndipo Yusuf alipofanya jambo lisilotarajiwa. Alijua kikosi kingine kingekuja, na ngome ingekuwa kaburi lake. Mei 1632 aliibomoabomoa, akapanda merikebu aliyoiteka kutoka kwa Wareno, akatweka kuelekea Arabuni. Kwa miaka kadhaa aliwavamia baharini, mpaka alipofariki mwaka 1638 pande za Bahari ya Shamu.

Gharama ililipwa na miji iliyobaki. Juu ya lango la ngome yameandikwa majigambo ya Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeteuliwa kapteni mwaka 1635 akiwa na miaka 27: ameziadhibu Pate na Siyu, amebomoa kuta zao, amewatoza kodi wafalme wa Manda na Luziwa. Merikebu huhama, mji hauhami.

Kwa hiyo miji ikatafuta mwenye manowari nyingi zaidi. Waomani waliitwaa ngome Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, kisha wakadai utii wa miji hiyo. Katika miaka ya 1840 watu wa Siyu walilazimika kupigana tena, safari hii na majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Yusuf aliionyesha miji kwamba Mreno hupigika baharini. Alichokosa ni miji iliyo tayari kuunda manowari kwa pamoja, na mwambao ukaishia kuazima za wengine kwa riba ya uhuru wake.