Chakula na Mwili wa Mtoto wa Shule Katika Nchi ya Ndanda, Masasi na Newala

Utamaduni wa watu hauishii katika ngoma zao na vinyago vyao. Mtu atajapo Uwanda wa Makonde, mara hukumbuka mpingo uliochongwa, sindimba na jando. Naye hakosei, kwani hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini kabla ya mchongaji kushika tezo, na kabla ya mpiga ngoma kuwamba ngozi, kila mmoja wao alikula kwanza. Chungu kilicho mekoni ni chombo cha utamaduni sawasawa na ngoma. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi ulaji wa watoto wa nchi ya Ndanda, Masasi na Newala ulivyobadilika tangu shule zilipoanza huko hata siku zetu, na jinsi mabadiliko hayo yalivyogusa uzito na afya ya miili yao.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Uwanda wa Makonde ni ardhi ya juu yenye mchanga unaokunywa maji ya mvua upesi. Huko juu hakuna mito ya kudumu. Maji hupatikana chini ya magenge, pembezoni mwa uwanda. Ndanda yenyewe iko chini ya ukingo huo, mahali penye chemchemi. Karl Weule, mwanachuoni wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za akina mama walioshuka na kupanda genge kwa ajili ya maji ya nyumbani. Jambo hili si dogo katika habari za chakula. Mama aliyetumia sehemu kubwa ya siku akitafuta maji hakuwa na nafasi ya kupika mara tatu. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950 kwa kuyasukuma maji kutoka bondeni, ulikuwa kwa hiyo mradi wa chakula pia, ijapokuwa haukuitwa hivyo.

Vyakula vya asili vya nchi hii ni vingi kuliko wageni walivyodhani. Wazee walilima mtama, mahindi, muhogo, kunde, mbaazi, njugu mawe, karanga, ufuta na maboga. Muhogo ulimenywa, ukaanikwa juani hata ukawa makopa, kisha ukatwangwa kupata unga wa ugali. Kitoweo kilikuwa kisamvu, majani ya kunde na ya maboga, uyoga wakati wa mvua, na panya wa porini walionaswa kwa mitego. Akiba ilipokwisha, watu waliingia porini kuchimba ming'oko, ambayo ni viazi mwitu vinavyopendwa hata leo katika mikoa ya Mtwara na Lindi.

Hapa pana jambo moja ambalo wanahistoria wengi hulipita bila kulitazama. Mtoto wa zamani hakungoja chungu cha mama yake peke yake. Alipokuwa akilinda ndege shambani au akitembea na wenzake, alichuma matunda ya porini, alitega panya, alichoma mhindi au kipande cha muhogo. Huo ulikuwa mlo usiohesabiwa. Haukupikwa na mtu mzima wala haukuliwa kwenye mkeka, lakini ulimfikisha mtoto jioni bila kuzimia. Kadhalika mtoto hakuwa mgeni katika nyumba ya mjomba wala ya bibi. Penye chakula palikuwa kwao. Hata wavulana walipokaa jandoni, chakula kilitoka majumbani mwao kikaliwa na wote pamoja, ili mtoto wa mwenye kidogo asijulikane.

Shule zililetwa na wamisionari. Misheni ya Vyuo Vikuu vya Afrika ya Kati ilianza kazi Masasi mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani, na mwaka 1878 ikafika Newala. Wabenediktini waliweka makao yao Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka uliotangulia. Basi shule ya Ndanda ilianza katika nchi yenye njaa, kwani majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala na mashamba ili kuwavunja nguvu wapiganaji, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kabla nchi haijapona vizuri, ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana vikali Mahiwa, karibu na Nyangao. Vita vile vilihitaji wapagazi na chakula, na vyote viwili vilitolewa vijijini.

Pamoja na kusoma na kuandika, shule ilileta kengele. Kengele ilimtoa mtoto porini na shambani katika saa zile zile ambazo zamani alikuwa akijitafutia mlo wake usiohesabiwa. Wanafunzi wa bweni walipewa posho, hata kama ilikuwa ugali na maharage siku zote. Lakini mtoto wa kutwa alitembea asubuhi bila kula, akakaa darasani hata mchana, akarudi nyumbani na kukuta chungu hakijatelekwa. Hatusemi haya kwa kuilaumu elimu, maana bila elimu tusingekuwa hapa tulipo. Twasema tu kwamba shule iliondoa mlo mmoja bila kuweka mwingine mahali pake.

Serikali ya Waingereza iliujali muhogo zaidi ya vyakula vingine, kwa sababu hustahimili ukame na hukaa ardhini kama akiba. Wakulima wa Tanganyika walilazimishwa kuupanda kuwa kinga ya njaa. Ni kweli kwamba muhogo umeokoa maisha mengi. Lakini kushiba na kujengwa ni mambo mawili. Unga wa muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Mtoto anayekula ugali wake bila kunde, mbaazi, karanga, kisamvu au samaki hujaa tumbo huku misuli yake ikidhoofika. Daktari Cicely Williams alieleza katika miaka ya 1930, akiwa Ghana ya leo, ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na kubadilika nywele, akautaja kwa jina la Kiga ambalo sisi twalitamka kwashakoo. Ugonjwa huo ulifundisha ulimwengu kwamba mtoto anaweza kuonekana mnene hali ana njaa.

Mwaka 1947 serikali hiyo hiyo ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea, jirani wa Masasi, ikawa mojawapo ya sehemu zake. Nia ilikuwa kupata mafuta kwa ajili ya meza za Uingereza zilizopungukiwa baada ya vita. Mpango ukaanguka mwaka 1951, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Msomaji atafakari: ardhi ya kusini ililimwa kwa matrekta ili mtoto wa London apate mafuta, wakati mtoto wa Masasi alipewa muhogo kuwa kinga yake.

Zao lililobadilisha maisha zaidi ni korosho. Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukaenea uwandani kama zao la fedha. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Baadaye mavuno yakaporomoka, hata katikati ya miaka ya 1980 hayakufika tani 20,000, kwa sababu ya bei ndogo, ugonjwa wa ubwiri unga, na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Zao likainuka tena, na msimu wa 2017/18 likapita tani 300,000. Korosho ina protini na mafuta mengi, na bibo lake lina vitamini C kuzidi chungwa. Hata hivyo korosho nyingi huuzwa zikiwa ghafi, zikaenda kubanguliwa ng'ambo, na mabibo mengi huoza chini ya miti au hugeuzwa pombe.

Baada ya Uhuru, mambo ya chakula na elimu yalianza kutazamwa pamoja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka kila shule iwe na shamba. Mwaka 1973 ulifanyika mpango wa redio wa Mtu ni Afya, na mwaka huo huo sheria ikaunda taasisi ya chakula na lishe ya taifa. Mwaka 1975 ukafuata mpango wa Chakula ni Uhai. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wapate elimu ya msingi, na utekelezaji wake ukajaza madarasa mwaka 1977. Hayo yalikuwa mapinduzi makubwa. Lakini idadi ya watoto iliongezeka upesi kuliko ukubwa wa vyungu. Shamba la shule nalo, lililokusudiwa kulisha na kufundisha, pengine liligeuka kuwa la kutafuta fedha tu, na mtoto aliyelilima hakuonja mavuno yake.

Mwaka 1988 wilaya ya Masasi ilipata funzo chungu. Chakula kilikuwa haba, na watu wakala muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Badala ya kuuanika kwa siku nyingi, waliutwanga na kuukausha siku hiyo hiyo ili wapate mlo wa jioni. Sumu ya sianidi iliyomo ndani haikupata muda wa kutoka, na watu wakaugua. Tukio hili latufundisha kwamba makopa ya bibi zetu hayakuwa mazoea matupu. Yalikuwa elimu, na njaa ndiyo iliyowalazimisha watu kuiacha.

Sasa tuseme juu ya uzito. Watu wetu wamezoea kuupima kwa macho: mnene huitwa mwenye afya, na mwembamba huulizwa kama anaumwa. Macho hudanganya. Kipimo kinachotumika ulimwenguni kilitokana na hesabu za Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19: uzito kwa kilo hugawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 26 na kimo cha mita 1.30 hupata 15.4, naye hana dosari. Lakini kwa watoto jibu hilo husomwa pamoja na umri na jinsia, kwa jedwali za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007. Tena kipimo hiki hakimfichui mtoto aliyedumaa, yaani mfupi kuliko umri wake, ambaye uzito wake waweza kulingana na ufupi wake. Kwa nchi nzima, watoto waliodumaa kati ya walio chini ya miaka mitano walikuwa 42 kwa mia mwaka 2010, na 30 kwa mia mwaka 2022. Hatua imepigwa, lakini watoto watatu katika kila kumi ni wengi mno, nao ndio wanaoingia darasa la kwanza.

Upande wa pili umezuka unene mpya. Katika miji, na sasa katika vituo vya biashara vya vijijini, mtoto mwenye shilingi chache hununua soda, peremende, maandazi na viazi vya kukaanga. Basi darasa moja laweza kuwa na mtoto aliyekonda na mtoto aliyenenepa kupita kiasi, na wote wawili wakawa hawakula kunde wala mboga wiki nzima. Hivyo mwalimu asimtanie mwembamba wala asimcheke mnene. Mwili wa mtoto hutokana na chungu ambacho hakukitelekea yeye.

Ziko sababu nyingi za njaa ya darasani, lakini moja ni ya kalenda. Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mavuno ya nafaka hufuata, kisha mbaazi, na fedha za korosho huingia mwishoni mwa mwaka. Shule hufunguliwa Januari, wakati ghala limepungua, shamba ni bichi, na fedha zimekwisha kwenda katika madeni, sare na madaftari. Yaani mwaka wa shule huanza pale ambapo mwaka wa chakula unakwisha. Michango ya chakula ikidaiwa Januari, mzazi huonekana mkaidi kumbe ni mtupu. Ikikusanywa kati ya Juni na Agosti, kwa debe la mahindi na pishi za mbaazi zilizohifadhiwa vizuri, mzazi yule yule hutoa bila kusukumwa. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika elimu msingi, na chakula cha mchana kimebaki mikononi mwa wazazi na jamii. Kwa hiyo hesabu ya miezi si jambo la kupuuza.

Wahenga walisema: mla mla leo, mla jana kala nini? Sifa za mashamba ya babu hazimshibishi mtoto wa leo. Twawaomba walimu wawapime wanafunzi uzito na kimo kila muhula, na kuyaweka majibu kwa siri na heshima. Twawaomba wanafunzi wa sekondari wawaulize bibi zao majina ya mboga na matunda ya porini, majira yake na mapishi yake, wayaandike kabla hayajasahaulika. Na twaziomba kamati za shule zirudishe ule mlo usiohesabiwa ambao kengele iliuondoa: kikombe cha uji wenye karanga saa nne, sahani ya ugali na mbaazi mchana. Mbegu zake zimo tayari katika mashamba ya Ndanda, Masasi na Newala.