Kitabu cha Ngozi na Santuri ya Leza

Msomaji, nataka kukusimulia habari za vitabu viwili vya Uingereza. Vyote viwili vina jina moja, na vyote viwili vilikusudiwa kazi moja, yaani kuiandika nchi nzima kama ilivyokuwa wakati wake. Cha kwanza kiliandikwa mwaka 1086, kwa wino juu ya ngozi ya kondoo. Cha pili kilitolewa mwaka 1986. Hicho hakikuandikwa kwa wino wala juu ya karatasi, bali kilitiwa katika santuri zinazosomwa kwa mwanga wa leza na kompyuta. Cha kwanza kimepita umri wa miaka 900 na bado chasomeka. Cha pili hakikutimiza hata miaka 20 kabla ya watu kuanza kuulizana ni nani awezaye kukifungua.

Kitabu cha kwanza huitwa Domesday Book. William, mtawala wa Normandy, aliishinda Uingereza mwaka 1066. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1085 alikaa na wakuu wake katika mji wa Gloucester, akaamuru wajumbe wapelekwe majimboni. Wajumbe hao waliuliza maswali ya namna moja kila walikokwenda. Shamba hili ni la nani? Lilikuwa la nani zama za Mfalme Edward? Lina plau ngapi, vinu vingapi, watu wangapi, na thamani yake ni kiasi gani? Majibu yaliandikwa kwa Kilatini, tena kwa maneno yaliyofupishwa sana. Kazi ilipokwisha yalikuwa yametajwa makazi zaidi ya 13,000, ingawa miji mikubwa ya London na Winchester haikuandikwa. Nia ya mfalme haikuwa elimu. Alitaka kujua mali ya nchi na haki yake katika mali hiyo. Wenyeji walikiita kitabu hicho kwa jina la Siku ya Hukumu, kwa kuwa neno lililoandikwa humo halikuwa na rufani. Leo kimehifadhiwa katika Hazina ya Nyaraka za Taifa, huko Kew, London.

Ilipokaribia kutimia miaka 900, shirika la utangazaji la BBC, pamoja na kampuni za Acorn, Philips na Logica, liliazimia kuiandika nchi upya. Safari hii wajumbe hawakuwa watu wa mfalme. Wengi wao walikuwa watoto wa shule kama wewe. Nchi iligawanywa katika vipande vya mstatili, kila kipande kilomita 4 kwa 3, na shule pamoja na vikundi vya wenyeji wakatakiwa waandike habari za vipande vyao na kuvipiga picha. Watoto waliandika juu ya maduka na mashamba, michezo na vyakula, na kazi za wazazi wao. Hawakuulizwa habari za vita wala za wafalme. Waliulizwa habari za siku ya kawaida, na hizo ndizo ambazo wanahistoria huzitafuta kwa taabu kubwa zaidi. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki.

Habari hizo zilitiwa katika santuri mbili, moja ya Jamii na moja ya Taifa. Kila upande wa santuri uliweza kuchukua habari za kompyuta kiasi cha megabaiti 300, mbali na picha. Ili upate kuona ukubwa wa jambo hili, fahamu kuwa kompyuta iliyotumiwa kuzisoma, BBC Master, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu. Upande mmoja wa santuri ulibeba zaidi ya mara 2,000 ya kiasi hicho. Kwa wakati ule ilikuwa ni kazi ya kustaajabisha.

Lakini ustadi huo huo ndio ulioleta msiba. Mashine kamili ya kusomea santuri iliuzwa kwa kiasi cha paundi 5,000. Shule nyingi zilizoshiriki hazikumudu bei hiyo, hata watoto wengi walioandika hawakupata kuyaona maneno yao. Kwa kuwa wanunuzi walikuwa wachache, namna ile ya santuri haikuenea, na baada ya muda mashine zake hazikutengenezwa tena. Kompyuta za namna nyingine zikachukua nafasi ya zile za BBC. Hapana aliyeziharibu santuri zenyewe. Zilikaa salama kabatini, nazo ziling'aa kama siku ya kwanza. Mashine ndizo zilizokufa moja baada ya moja, hata kufikia mwaka 2002 magazeti ya Uingereza yakawa yanaandika kwa uchungu kuwa kitabu cha mwaka 1086 kinasomeka na cha mwaka 1986 hakisomeki.

Yafaa tusimame hapa kidogo tujiulize sababu. Ukikifungua kitabu cha ngozi, jicho lako ndilo chombo cha kusomea. Ukiwa umejifunza Kilatini na vifupisho vyake, hapana kitu kingine kinachosimama kati yako na mwandishi. Santuri haiko hivyo. Haina hata herufi moja ionekanayo kwa jicho. Ina vishimo vidogo mno, na ili vishimo hivyo viwe maneno, hapana budi mambo matatu yapatikane pamoja.

La kwanza ni chombo chenyewe cha kuuangaza uso wa santuri na kuvitambua vishimo. La pili ni ujuzi wa mpangilio. Habari za kompyuta hupangwa kama vitabu vya maktaba, kila faili mahali pake, na kuna daftari linaloonyesha kila faili inaanzia wapi na kuishia wapi. Mfumo mmoja wa kompyuta una namna yake ya kuliandika daftari hilo, na mfumo mwingine una namna yake. Kompyuta isiyoijua namna iliyotumika huingia katika maktaba iliyojaa, ikatoka na kusema kuwa haikuona kitu. La tatu ni programu iliyotengeneza habari, kwa maana hiyo ndiyo ijuayo kuwa tarakimu hizi ni ramani na zile ni maelezo. Likikosekana moja katika matatu haya, mawili yaliyobaki hayafai kitu. Na katika santuri hizo palikuwa na shida ya ziada: picha hazikuwekwa kwa tarakimu, bali kwa mawimbi kama ya televisheni.

Waliokuja kuokoa ni watafiti wa mradi ulioitwa CAMiLEON, wa Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani. Walipata mashine ya zamani iliyokuwa bado hai, wakaiunganisha na kompyuta mpya, wakazivuta habari zote kutoka katika santuri, na kuzigeuza picha ziwe tarakimu. Hata hivyo kuwa na habari hizo hakukutosha, maana programu ya zamani haikuweza kutumika katika kompyuta mpya. Basi walitumia hila ya ajabu. Waliandaa programu ya kuifanya kompyuta mpya iige tabia zote za ile ya zamani, kama vile mwigizaji stadi anavyoweza kuigiza sauti na mwendo wa marehemu babu yake. Programu ya mwaka 1986 ilidanganyika. Ikadhani imo katika mashine yake yenyewe, ikafanya kazi. Desemba 2002 watafiti hao waliwaonyesha watu kazi hiyo, na maneno ya wale watoto yakasomeka tena.

Usidhani kwamba habari iliishia hapo. Mtu mwingine, kwa bidii yake mwenyewe, aliichambua santuri ya Jamii akaitia katika tovuti ili kila mtu aisome. Mwaka 2008 alifariki, na tovuti yake ikatoweka. Kazi iliyotegemea maisha ya mtu mmoja ilikwenda naye. Mwaka 2011 BBC yenyewe iliziweka habari za santuri ya Jamii katika tovuti mpya, ikawaalika watu waongeze picha za mahali pale pale miaka 25 baadaye. Tovuti hiyo nayo ilikuja kufungwa, na nakala yake ikawekwa katika Hazina ya Nyaraka za Taifa, mahali pale pale kilipo kitabu cha ngozi. Kwa hiyo habari hizo zimekwisha kuokolewa zaidi ya mara moja, na yamkini zitahitaji kuokolewa tena.

Huenda ukasema kuwa haya ni mambo ya Waingereza. Nami nilidhani hivyo, mpaka yaliponifika. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, mimi na wenzangu tulikwenda vijijini kuwauliza wazee asili ya majina ya vijito na vilima. Tuliandika masimulizi 41, tukayaweka katika kompyuta ya chuo iliyotumia mfumo wa Linux. Miaka michache baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuanza kufundisha, kompyuta hiyo iliharibika. Diski yake ikatolewa, nami nikaiunganisha na kompyuta ya shule, iliyotumia Windows. Kioo kikaniambia kuwa diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, kikaniuliza kama ningependa kufanya hivyo. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Fundi aliyekuwa karibu akapaza sauti, "Mwalimu, usibonyeze hapo! Diski hii haijafa. Kompyuta yako haijui lugha yake tu."

Akanieleza kuwa kufomati ni kulifuta daftari la zamani na kuandika jipya juu yake. Lau ningekubali, ningeyafuta masimulizi kwa mkono wangu mwenyewe. Akatoa flashi yenye mfumo wa Linux, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, akaifungua diski kwa kuisoma tu bila kuandika kitu juu yake. Faili zikajitokeza zote kwa majina tuliyozipa. Tulizinakili mara mbili, katika vyombo viwili mbalimbali. Hata hivyo, tulipozifungua moja moja, faili moja ilikuwa imeharibika, nayo haikufunguka. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyetusimulia habari za kijito kilicho nyuma ya soko. Nilikwenda kumtafuta nimwulize tena, nikaambiwa amekwisha kufariki. Kijito kingali kikitiririka, lakini asili ya jina lake sijui, wala sijampata mtu aijuaye.

Wako watu wasikiao habari kama hizi wakasema, "Basi turudie karatasi." Shauri hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa huko Goa, India. Wino wake umedumu. Lakini ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na vijana wengi wasemao Kiswahili leo hawawezi kusoma hata mstari mmoja wa barua hizo, ingawa lugha ni yao. Chombo hakikuharibika, wala lugha haikufa; ni namna ya kuandika tu iliyobadilika. Lau wasingekuwako watu waliojifunza herufi zile, barua hizo zingekuwa kama santuri kabatini. Kitabu cha William nacho hakikudumu kwa nguvu ya ngozi peke yake. Kwa miaka 900 walikuwako watu waliokitunza, na wengine waliojifunza Kilatini ili wakisome.

Tena habari za kompyuta zina sifa ambayo ngozi haina. Ukinakili kitabu kwa mkono, utakosea hapa na pale. Kompyuta yaweza kunakili faili mara 100 bila kubadili hata nukta. Yatupasa kuitumia sifa hiyo. Basi, msomaji, ukiwa na kitu unachotaka kidumu, usikiweke mahali pamoja. Kinakili, nakala moja uiweke mbali na nyingine. Tumia namna ya faili ambayo programu nyingi huweza kuisoma. Andika katika karatasi ni kompyuta gani na programu gani uliyotumia, na uiweke karatasi hiyo pamoja na chombo. Kila upatapo kompyuta mpya, hamishia humo faili zako za zamani kabla ile ya kwanza haijafa. Na kompyuta ikikuuliza kama ifomati diski usiyoijua, kataa, kisha mtafute ajuaye.

Mimi kila mwaka shule zifungwapo mwezi wa Desemba, huzifungua faili zile 40 moja baada ya moja, nikahakikisha kuwa bado zasomeka, na kuzitia katika chombo kipya pale inapohitajika. Kazi hiyo hunichukua asubuhi moja. Mwaka jana niliwaita wanafunzi watatu wanisaidie, nikawapa nakala zao. Mmoja wao aliona katika orodha jina la babu yake mzaa mama, ambaye hakupata kumwona. Alikaa chini akasoma, na sisi wengine tukaacha kazi, tukamngoja amalize.